Siku Sufuria Letu Liliponunuliwa na Wamarekani

Hildegarda anafuga kuku wa kienyeji, na kuku wake wanajulikana soko zima la Kilosa kwa unene. Lakini ukimuuliza kazi yake, kuku hawataji hata kwa bahati mbaya. Atakuambia, "Mimi ni msimamizi wa kanzidata," kisha atanyamaza kidogo ili neno likuingie. Wageni wengi hudhani ni cheo cha kanisani.

Ukweli ni kwamba yeye ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama, Jikwamue, chenye masufuria, sahani, viti na maturubai ya shughuli. Mwenye harusi, msiba au ubatizo anakuja kwetu. Mimi ni Mama Bryson, mwanachama tangu kikundi kinaanza, na nasema hivyo mapema ili mtu asije akaniuliza haya nimeyajuaje.

Zamani vyombo vyetu vilikuwa vinaondoka kwa mpango na kurudi kwa kudra za Mungu. Hildegarda hakuweza kuvumilia. Mafuriko ya mto Mkondoa yalimzolea vyombo vyote vya marehemu mama yake, na maji yalipokauka akaliona birika la mama huyo likiwachemshia watu wengine chai, akashindwa kuthibitisha kuwa ni lake. Tangu siku hiyo haazimishi hata sindano bila kuandika.

Basi mradi fulani ukaja kutufundisha ujasiriamali, ukatuachia fulana na kompyuta moja ya kukunja. Fulana tuligombania. Kompyuta aliichukua yeye. Godfrey, yule mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale stendi, akamwekea programu ya bure ya kutunzia kumbukumbu, inaitwa Zebrina. Ukiifungua inatokea picha ya pundamilia, na kwa muda mrefu mwenyekiti wetu Editha aliamini imetoka hifadhini Mikumi. Hatukumrekebisha. Editha harekebishiki.

Kila chombo kikaingia humo, na vikubwa vikaingia kwa majina. Sufuria la pilau, lile ambalo mtoto anaweza kuogea, liliitwa Bwana Mkubwa. Azima kijiko kimoja upeleke Mvumi, Hildegarda atakuambia kiko kwa nani na kilikuwa na kasoro gani kilipoondoka. Ilichosha, nasema kweli. Lakini vyombo vilianza kurudi.

Siku moja tukawa kikaoni nyumbani kwa Editha, tukipanga sherehe ya kumuaga Joyce. Joyce ni mtoto pekee wa Hildegarda, na alikuwa ameposwa na kijana wa Mikumi aitwaye Yared, wa ukoo mkubwa wenye kwaya yao wenyewe. Hildegarda akafungua kompyuta, na badala ya orodha ya sahani yakatokea maandishi ya Kiingereza yenye rangi rangi kama kadi ya harusi. Akampigia Godfrey simu, akaiweka spika, akamsomea herufi kwa herufi.

"Shikamooni mama zangu," Godfrey akasema. "Hapo wanatangaza kwamba Zebrina imenunuliwa. Kuna kampuni kubwa ya Marekani imeinunua."

"Imenunua kiasi gani?" akauliza Bibi Magreti.

"Yote, bibi." Mteja akaingia dukani, Godfrey akakata simu.

Kama yule mteja angechelewa kidogo tu, nisingekuwa na la kusimulia. Nilimjua baadaye ni nani, na hadi leo namsalimia kwa shingo upande.

Bibi Magreti ndiye mkubwa wetu kwa umri. Baba yake alitoka mbali kuja kukata mkonge, na yeye alizaliwa kwenye nyumba za kambi, ndani ya shamba la tajiri. Kununuliwa anakujua. Shamba lile lilipouzwa, mwenye mali mpya alifika na gari na karani, wakapita nyumba kwa nyumba wakiandika kila walichokikuta. Majembe, milango, hata sufuria la mama yake. Aliyenunua shamba, karani aliwaambia, amenunua na vilivyomo.

"Masufuria yetu yako wapi?" Bibi Magreti akatuuliza.

"Stoo, Bibi."

"Hapana. Yako humo." Akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Katibu ameyaingiza yote, na majina akayapa. Na vya humo vyote vimenunuliwa."

Ningependa kukuambia kwamba angalau mmoja wetu alicheka. Hakucheka mtu. Mimi nilikuwa nawaza maturubai.

Editha akasimama kama amiri jeshi. "Kila mtu abebe vyombo akavifiche kwa ndugu zake. Na asiandike popote!"

"Bila kuandika?" Hildegarda akapiga kelele. "Mama mwenyekiti, si bora wavichukue hao Wamarekani! Wao angalau watakuwa wameviandika!"

Hakuna aliyemsikiliza. Sahani zikaenda Kisanga ndani ya magunia ya mahindi. Viti vikaenda Mvumi. Maturubai yakaenda Msowero kwa mfugaji mmoja anayefahamiana na mume wa Editha, naye akashukuru sana, akawatengenezea ndama wake kivuli. Mimi nilifukia vijiko kwenye pumba, kuku wakavifukua, nikavifukia tena, wakavifukua tena. Kompyuta yenyewe Hildegarda alikataa kuifuta. Akaifunga kwenye shuka akalala nayo.

Na Bwana Mkubwa akapotea kabisa. Bibi Magreti alisema amemficha yeye mwenyewe, mahali ambapo hatamwambia mtu, hata padri.

Tukasubiri gari la Wamarekani. Kila gari geni likipita barabarani, Editha alikuwa anajifungia chooni na funguo za stoo, na stoo yenyewe ilikuwa tupu. Bibi Magreti yeye hakujificha. Alikuwa anatoka na kiti chake kipya, duara, kirefu, kimefunikwa blanketi na kanga mbili. Alisema mkwewe wa Morogoro kamletea kwa ajili ya mgongo. Kila alikokwenda alibebewa kiti hicho, na akikikalia miguu ilikuwa inaning'inia. Tulimwonea wivu kwa mkwe mwema kiasi hicho.

Siku za sherehe zikakaribia, na gari halikuja. Lililokuja ni jibu la Mikumi: wakwe wanakuja wote, pamoja na kwaya.

Hapo Hildegarda akakonda. Alipanda bodaboda huku na huko akikusanya vyombo, na kwa sababu hakukuwa na kilichoandikwa, alibisha hodi mpaka kwa watu ambao hawajawahi kuona sahani yetu. Viti vikapatikana. Sahani zikapatikana, pungufu. Maturubai yakapatikana yakinuka ndama. Vijiko nilimpa mwenyewe, vina madonge ya pumba, na alivitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Lakini bila Bwana Mkubwa hakuna pilau la ukoo wenye kwaya. Pilau la ubatizo wa Joyce lilipikwa ndani yake, la komunyo pia. Ama tupike kwenye visufuria kumi, hiki kikiungua, hiki bado kibichi, ama twende tukaombe kwa akina mama wa kikundi cha Stesheni, ambao wangetuimba mpaka wajukuu wetu. Hildegarda ni mjane. Mume hayupo wa kusimama mbele ya wakwe na kusema karibuni. Chakula ndicho kingesema kwa niaba yake.

Akaenda kwa Bibi Magreti, akapiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hapana."

"Sijasema kitu, Bibi."

"Ndiyo maana nimewahi."

Zikabaki siku mbili sherehe ifike. Hildegarda akamkokota Godfrey kutoka dukani kwake, akamleta kikaoni mzima mzima, akamsimamisha mbele yetu. Bibi Magreti alikuwa amekaa juu ya kiti chake, miguu inaning'inia, uso umefungwa.

"Eleza," Hildegarda akamwambia.

Godfrey akaanza na leseni huria, akaingia kwenye msimbo, akapotelea kwenye seva. Editha alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima, kama anavyofanya kwenye hotuba za wageni rasmi. Mimi nilikwishaanza kusinzia.

"Wewe kijana," Bibi Magreti akamkatiza. "Wamenunua nini? Sema kwa mdomo wa kawaida."

Godfrey akafuta jasho. "Wamenunua jina, bibi. Na ofisi, na mafundi waliokuwa wanaitengeneza. Vyombo vyenu hawajavinunua. Hata hawavioni, vimo kwenye kompyuta hii hii, hapa Kilosa."

"Na hiyo ya pundamilia yenyewe?"

"Ilitolewa kwa watu wote tangu mwanzo. Ruhusa iliandikwa kwamba yeyote anaweza kuchukua nakala na kuitumia, hata kuirekebisha. Sasa hawa wenye mali wapya wamesema matoleo yajayo ni ya kulipia. Baadhi ya mafundi wakakasirika, wakachukua nakala, wakaondoka nayo. Wanaiendeleza wenyewe, bure kama zamani, kwa jina jingine. Hii mpya ina picha ya kiboko."

"Hifadhi itaisha," Editha akanong'ona.

Bibi Magreti akafikiri. "Migomba yangu mbegu nilichukua kwa nani?"

"Kwa marehemu mama yangu," akajibu Editha.

"Alimuuzia mtu mbegu, mama yako?"

"Mbegu ya mgomba? Nani anauza? Unaomba, unang'oa, unakwenda kupanda."

"Na alipouza lile shamba lake, mnunuzi alikuja kung'oa migomba yangu?"

"Hakuja."

"Angekuja ningemtoa mbio na panga." Akamgeukia Godfrey. "Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo hivyo, bibi! Shamba limeuzwa, lakini mbegu zilishatoka, ziko kwa kila mtu. Haziwezi kurudishwa."

"Mbona hukusema mapema? Unakaa unasema leseni, leseni, kama trafiki."

Tukacheka, tukajiona wajinga, tukacheka zaidi. Hildegarda peke yake hakucheka. Alikuwa analia, na hakuficha.

"Bibi," akasema, "nina binti mmoja tu. Jumamosi ikipita sitamwona tena kwangu ila kwa kubisha hodi. Nataka wakwe wale, washibe, wajue ametoka kwa watu. Nakuomba sufuria."

Bibi Magreti akanyoosha mkono. "Nishikeni."

Tukamshika, tukamshusha. Akatoa kanga ya kwanza, akaikunja. Akatoa ya pili, akaikunja. Akaliondoa blanketi. Bwana Mkubwa alikuwa pale, kifudifudi, masizi yake yote yako juu. Wiki zote zile tulikuwa tunamzunguka, na mimi mwenyewe nilikwisha kumsaidia Bibi kumbeba mara mbili nikisifia mkwe wa Morogoro.

Bibi Magreti akasema, huku akijipangusa gauni.

"Karani alipoingia kwetu siku ile, mama alisimama. Mgeni kaingia nyumbani, utafanyaje, unasimama kumkaribisha. Aliposimama, karani akaliona sufuria alilolificha nyuma yake, akaandika. Nilikuwa mdogo. Nikasema mimi nikiwa mtu mzima, akija mtu wa kuandika, nitakaa."

Hildegarda akamkumbatia, na masizi yakawapaka wote wawili.

Jumamosi ile Bwana Mkubwa alikaa motoni tangu asubuhi. Godfrey alikuwa amemwekea Hildegarda ile programu ya kiboko, na katikati ya shughuli zote hizo mama wa bibi harusi alikuwa anazunguka na kompyuta mkononi akiandika ni sahani ipi imekaa meza ipi, mpaka Joyce akamwomba aiweke chini apigwe picha. Alikubali, lakini kwanza aliniuliza kijiko kimoja kiko wapi. Nilimwambia amuulize kuku.

Kisha tukasikia kwaya ya Mikumi ikiimba njiani, na wakwe wakaingia uwanjani. Tukasimama wote kuwapokea. Bibi Magreti naye, kwenye kiti cha plastiki kama sisi, alishika mkono wangu, akajiinua, akasimama wima. Bwana Mkubwa alikuwa nyuma yake, anafuka mvuke. Aligeuka kumtazama mara moja tu, kisha akawapigia wageni vigelegele.