Bikira wa Sugar Land

Mwaka 2019 mama yangu alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Kichina huko Sugar Land. Kiingereza cha bibi kilikuwa maneno kumi, cha mama kumi na mawili, na walielewana kuliko mimi ninavyoelewana na mtu yeyote. Bibi alipohamia kwa mwanawe, alimwachia mama sanamu ya kaure: msichana mweupe, kanzu ndefu, macho yameinama, mkononi ua refu.

Jumapili moja mama aliileta kwa basi hadi kwetu Sharpstown, imefungwa ndani ya kitenge. Akaiweka kwenye meza ya sala, akaivika rozari.

"Maria wa Bachina," akasema. "Angalia vile iko mupole."

Kisha akamwomba padre aje Jumamosi kuibariki, mbele ya jumuiya nzima. Katika jumuiya yetu ya Wakongo na Warundi, kila nyumba ilikuwa imeshatembelewa na padre isipokuwa yetu. Mama alikuwa ameingoja siku hiyo miaka mitatu.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina simu na wasiwasi. Jumapili hiyohiyo nikaipiga sanamu picha, nikatafuta. Hakuwa Maria. Alikuwa He Xiangu, mmoja wa Wanane Wasiokufa wa dini ya Kichina ya Kidao, na wa pekee kati yao ambaye watu wote wanakubaliana kwamba ni mwanamke. Ua lile lilikuwa yungiyungi.

Mtu mwingine angemwambia mama papo hapo. Mimi nilijiuliza kwanza. Nikisema, ataghairi ujio wa padre? Nisiposema, maji ya baraka yakimwagikia asiyehusika, dhambi ni ya nani: ya padre, ya mama, au yangu niliyejua? Na huyo asiyekufa je, akichukia? Muda wa kulipiza kisasi anao.

Jumatano nilijaribu.

"Mama, ile sanamu..."

"Umeivunja?"

"Hapana."

"Basi usinitishe. Onja sombe, chumvi imefika?"

Nikaonja kisamvu hicho. Chumvi ilikuwa imefika.

Jumamosi sebule ilijaa. Mwenyekiti wa jumuiya, mama wa Kirundi asiyepitwa na kitu, aliinama mbele ya meza ya sala.

"Huyu Bikira mbona hana mtoto?"

"Mtoto amelala," mama akajibu.

Padre akaingia. Katika hofu zangu zote nilikuwa nimemsahau padre mwenyewe: alikuwa Mvietinamu. Akasimama na maji yake ya baraka, akaitazama sanamu, akatabasamu kama aliyekutana na jirani wa zamani. Akaniomba, kwa Kiingereza, niwafasirie watu: nyanya yake alikuwa na huyuhuyu kabatini, pamoja na wenzake saba, na wala si Maria.

Watu kumi na wanne wakanigeukia. Nikafasiri nikitazama zulia.

Mama akaivua sanamu rozari polepole, punje kwa punje.

"Sasa wiki nzima umesali kwa nani, dada?" mwenyekiti akauliza.

Padre aliona uso wa mama, akaendelea haraka, nami nikamfuata. Msichana huyu, akasema, alikuwa akiruka milimani kila alfajiri na kurudi jioni na matunda ya kumlisha mama yake. Aliapa kutoolewa. Sanamu yake hataibariki, lakini nyumba inabarikiwa, na mwenye nyumba, na bibi aliyetoa zawadi. Akamnyunyizia mama maji kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mama akajipangusa. Akaibeba sanamu hadi juu ya friji, akanigeukia.

"Umesikia? Mutoto wa mwenzangu anaruka milima, analetea mama yake matunda. Weye juzi nilikutuma kitunguu hapa chini, ukarudi na Fanta!"

Jumuiya ikaangua kicheko, mwenyekiti akiwa wa kwanza.

"Lakini ile ya kukataa bwana," mama akaongeza, "usiige."

Wageni walipoondoka tuliosha vyombo, yeye akisugua, mimi nikisuuza.

"Weye ulijua."

"Ndiyo, mama."

"Tangu siku gani?"

"Jumapili."

Akasugua sufuria ileile mara mbili.

"Na ulikuwa unangojea nini?"

"Nilikuwa ninafikiri."

"Muzuri," akasema. "Kesho fikiri ukiwa njiani. Nataka maembe."