Mtu Aliyemsikiliza Mwanamisi

Mumias kote, aliyetaka kanzu ya Idi iliyotariziwa vizuri shingoni alielekezwa kwa Mwanamisi. Cherehani yake ilikaa barazani mwa duka aliloachiwa na marehemu mumewe, Abdulfatah, na pale alishinda kutwa akishona na kutaniana na wapita njia. Hata alipofiwa na kifungua mimba wake, Laila, aliyekata roho akijifungua, watu hawakumwona akilia. Hitima ilipokwisha alirudi kwenye cherehani. Majirani, kwa kumhurumia, waliacha kumwita Mama Laila wakaanza kumwita Mama Raisa, kwa jina la binti yake wa pili. Aliitika. Hakumwambia mtu kwamba kila akiitika hivyo alihisi anamzika Laila upya.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Hospitalini, muuguzi wa macho aliyeitwa Nafula alimpima akamwambia ana presha ya macho.

"Haya matone ni ya maisha, mama," alisema haraka, maana foleni ilikuwa imefika hadi nje. "Hayatakurudishia ulichokwisha kupoteza. Yatalinda kilichobaki. Usiyaache hata ukijiona uko sawa."

Mwanamisi aliyasikia maneno hayo, lakini hayakumwingia. Dawa gani hii isiyoponya? Matone yaliwasha, yakamwachia macho mekundu, na kila asubuhi aliamka akiona vilevile.

Ndipo aliposikia redioni habari za kituo kimoja mjini Kakamega kilichotibu mwili, akili na roho kwa pamoja. Akaenda. Alikuta chumba tulivu chenye zulia na harufu ya mchaichai, na mwanamume wa makamo mwenye sauti ya upole, Jairus, ambaye kila mtu pale alimwita daktari. Jairus hakumuuliza habari za macho. Alizima simu, akammiminia chai, akasema, "Nikuite nani?"

"Mama Laila," Mwanamisi akajibu, na kabla hajajua linalomtokea, machozi yakaanza kumtiririka.

Alimweleza yote. Alimweleza jinsi Laila, siku chache kabla ya kujifungua, alivyompigia simu akilalamika kichwa kinamuuma, naye akamwambia ni uchovu tu wa mimba, apumzike. Jambo hilo hakuwa amelitamka mbele ya mtu yeyote. Jairus hakumkatiza hata mara moja. Chai ilipoa mezani.

"Mama Laila," akasema mwishowe, "macho yako hayaugui. Yamechoka kubeba machozi ambayo hukuyatoa. Huzuni imejaa kwenye ini, na ini likijaa, macho hufifia."

"Na matone ya hospitali?"

"Hayo ni kupunga moshi huku moto umeuacha unawaka. Yaweke kando kwanza, tuusafishe mwili."

Alitoka pale na chupa za dawa za mitishamba, akijihisi mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Wiki nzima alimsifu Jairus kwa kila aliyefika barazani. "Huyo husikilizanga mtu," aliwaambia. "Si kama hawa wengine, hata jina lako hawataki kujua." Jirani yake Kemunto, mwalimu aliyekuwa akisumbuliwa na sukari, alimsikiliza kwa makini.

Matone aliyasukuma nyuma ya vyombo kabatini. Raisa, aliyekuwa ameolewa Butere, alipopiga simu na kuuliza, "Umeweka dawa, Mama?" alijibu, "Nimetumia dawa, mwanangu." Alijiambia kwamba huo haukuwa uongo.

Miezi ikapita. Alianza kuangusha vikombe vilivyokuwa upande wake wa kushoto. Siku moja bodaboda ilimkosakosa akivuka barabara, dereva akamfokea, "Mama, huoni?" Mzee mmoja alikuja kuchukua kanzu yake, akaitazama shingo iliyopinda, akaikunja, na hakurudi tena kushonesha kwake.

Mwanamisi alirudi Kakamega. Safari hii chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa pomoni. Alipoingia, Jairus alikuwa na simu sikioni. Alimwashiria aketi, akamaliza mazungumzo, akatabasamu.

"Karibu, mama. Una watoto wangapi?"

Mwanamisi alimkodolea macho. Alidhani ni mzaha. "Daktari, mimi ni Mama Laila."

"Eeh, Mama Laila. Na Laila hajambo?"

Alitazama mikono yake, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba macho yamezidi.

"Hiyo ni sumu inatoka," alisema Jairus. "Lazima hali izidi kidogo kabla ya kutulia."

"Imekuwa muda mrefu. Upande huu sioni kabisa."

"Basi kuna kitu umekishikilia, mama. Pengine hujasamehe. Mwili hauponi kama roho inakataa."

Aliinuka. Chupa alizopewa aliziacha juu ya meza.

Hospitalini, Nafula alimpima kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Alipouliza ni lini matone yaliachwa, Mwanamisi alimwambia ukweli. Muuguzi hakumkaripia. Alishusha pumzi, akavuta kiti karibu. "Lililoondoka halirudi, mama. Tushike hili lililobaki."

Jioni hiyo Raisa alikuja kutoka Butere, na Mwanamisi akamsimulia kila kitu, pamoja na ile simu ya Laila.

"Kwa nini hayo ukampelekea mtu usiyemjua?" Raisa aliuliza. "Mimi nilikuwapo. Alikuwa dada yangu."

"Niliogopa utanilaumu."

"Labda ningekulaumu," alisema Raisa. "Halafu tungelia pamoja."

Kupofuka kulimuuma Mwanamisi, lakini kilichomkereketa zaidi ni kwamba alikuwa amemkabidhi Laila kwa mtu ambaye hakumkumbuka.

Kesho yake Raisa alimshika mkono kwa upande wa kushoto, wakaenda kwa Kemunto. Walimkuta sebuleni, mguu ameuweka juu ya stuli, umefungwa kitambaa. Chupa zilezile zilikuwa zimepangwa dirishani.

"Asalaam aleikum, Mwalimu," alisema Mwanamisi, kisha bila kuzunguka: "Nilikupotosha. Yule mtu si daktari. Rudi hospitali, uanze tena dawa zako za sukari. Mimi jicho langu la kushoto limekwenda."

Kemunto alimtazama kwa huruma.

"Pole sana, Mama Raisa. Lakini kila mwili na wake. Mimi mwenyewe nilikaa naye asubuhi nzima, nikamweleza mambo ambayo hata mume wangu hayajui. Tangu nizaliwe sijasikilizwa hivyo." Akausogeza mguu polepole, uso ukimkunjamana. "Si wewe mwenyewe ulituambia?"

"Ni mimi," alisema Mwanamisi.

Alivuta kiti akaketi karibu na ule mguu, akaanza kumweleza tena tangu mwanzo.