Jina la Mke Wangu Ukutani

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida mke wangu alinimiminia chai, akakaa mbele yangu na kalamu. Akaniuliza kama nimeridhika na chai yake sana, kiasi, au sikuridhika. Nikasema sana. Akanitazama, akacheka hadi akashika mbavu, akasema neno. Jioni akaanguka jikoni. Hakuamka.

Nimemlilia kimya. Leo naandika kwa hasira, kwa herufi alizonifundisha yeye.

Alikuwa muuguzi kliniki ya wajawazito. Wenzake walimwita Bibi Kwa Nini, maana hakupokea jambo bila kuuliza. Akiwa amebakiza kidogo astaafu, akarudi chuoni kujifunza utafiti. Alitaka kujua kwa nini wajawazito huja mara moja, kisha hawarudi.

Msimamizi wake wa chuo, kijana mdogo kuliko kitinda mimba wetu, alimtaka achague: ahesabu watu, au azungumze nao. "Mama, usichanganye mambo." Akarudi nyumbani amevimba. Kuchanganya ndiyo kazi yenyewe, alisema. Kuchanganyikiwa ni kwingine. Nikamtania kwamba ameniingilia uashi wangu, maana saruji peke yake ni vumbi.

Akatunga maswali, akayagawa mwenyewe kliniki, amevaa sare yake. Tisini katika kila mia wakatia alama kwenye "nimeridhika sana". Alifurahi. Kisha akawafuata majumbani, amevaa gauni la kawaida, akawahoji mmoja mmoja. Huko, wakifua, wakinyonyesha, wakatoa ya moyoni. Wanafokewa. Wanasubirishwa. Wanachekwa. Akauliza, mbona basi waliandika "nimeridhika sana"? Mmoja akamjibu:

"Dada, ulikuwa umenisimamia, na sindano unayo wewe."

Akaona kosa ni lake, si la wanawake. Maswali akayagawa upya, majibu yakatumbukizwa kwenye sanduku mlangoni, bila jina, bila muuguzi karibu. Walioridhika hawakufika hata nusu. Akaandika yote: hesabu ya kwanza, maneno, hesabu ya pili, na jinsi maneno yalivyoisuta ile ya kwanza. Msimamizi alisoma, akatia sahihi.

Baada ya mazishi nikapita kliniki. Ukutani, rangi bado mbichi: wajawazito tisini katika kila mia wameridhika sana na huduma zetu. Chini yake jina la mke wangu, kamili.

Nikamwendea mkuu wa kliniki. Akanipa pole, akasema ile ni heshima kwa marehemu. Heshima gani hiyo ya kumkata mtu nusu? Au kwa kuwa maiti hajibu, ndiyo mkaona mumsingizie? Akasema mambo ya utafiti ni mazito, mzee niwaachie wenyewe.

Mwenyewe yuko kaburini.

Nikarudi na mwiko wangu wa kazi. Nikalikwangua jina, herufi kwa herufi, wajawazito wako foleni wananitazama. Mmoja akasema, "Babu, na ile tisini je?" Nikaikwangua nayo. Mkuu akatoka, akaniuliza sasa pale palipobaki plasta tupu nataka paandikwe nini.

Nikamwambia paandikwe neno la Bibi Kwa Nini, alilolisema asubuhi ile akinyooshea kidole chai yangu, ambayo alisahau kuitia sukari, nami nikaionja tu nikaiacha:

"Umesema 'sana', na kikombe bado kimejaa. Sasa niamini mdomo au kikombe?"