Yule Asiyetetemeka

Nyasi zilizolowa, mkojo wa sungura na moshi wa makaa: nikiinusa harufu hiyo leo, hata katikati ya soko, narudi Rwezamenyo, Kigali, kwenye ua wetu mdogo, msimu wa mvua aliozaliwa mdogo wangu Eriki. Papa alifuga sungura wa kuuza, na mimi, binti yake, ndiye niliyewahesabu. Niliwahesabu mara mbili, kwa sababu sungura, tofauti na wateja, huongezeka ukigeuza kisogo. Nilijua kwamba sungura jike akikaribia kuzaa hujinyonyoa manyoya ya kifuani awatandikie watoto, maana huzaliwa uchi kama vidole. Jambo la pili nililijua kwa hasara: mtoto mmoja alianguka nje ya kiota wakati wa mvua, nikamkuta ametulia, mguu baridi, hatetemeki, nikadhani amelala. Hakuwa amelala.

Eriki alikuja kabla ya wakati wake. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini huyu hakupiga hodi. Pale zahanati walimruhusu kwa sharti moja: akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Kigali haina theluji. Mtu mzima huvaa sweta na maisha yakaendelea. Lakini kwa mwili uliotosha viganja viwili vya Papa, jioni ya mvua ilikuwa ncha ya dunia. Sisi tukishikwa na baridi tunatetemeka, na kule kutetemeka ndiko kunakotupasha moto. Mtoto mchanga hana ufundi huo. Huzaliwa na akiba kidogo ya mafuta ya kuunguza mwilini, na aliyekuja mapema hata hiyo hakujaziwa.

Alasiri moja malaria ikamshika mama. Alitetemeka hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Jirani yetu, Mama Hadija, alimtoa Eriki kifuani, akamviringisha kitenge, akamlaza kando. Mablanketi yote yakaenda kwa mama, na Papa akawa anatafuta viatu akaite gari. Ndivyo tulivyo binadamu, tunamkimbilia anayetetemeka.

“Uyu mtoto iko na adabu,” alisema Mama Hadija. “Ona, hata halii.”

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Niliingiza mkono ndani ya kitenge nikashika mguu wake. Ulikuwa mguu wa yule sungura.

“Papa, mtoto iko baridi.”

“Hatetemeki. Anayetetemeka ni mama yako.”

“Hata sungura hakutetemeka.”

Papa alinitazama, kiatu kimoja mkononi. Kisha akavua koti, akavua na shati. Mama Hadija aligeuza uso kwa heshima, halafu akageuka tena, kwa kuwa lazima mtu amfunge mtoto.

“Mzee, kifua chako kina manyoya kushinda sungura zako.”

“Afadhali,” alisema Papa. “Wao hujinyonyoa. Mimi nabaki nayo.”

Eriki alifungwa kifuani kwa Papa, koti likavaliwa juu yao wote wawili, na hivyo ndivyo tulivyompeleka mama zahanati, mimi nimebanwa katikati ya gari, mkono wangu ndani ya koti la Papa. Niliushika ule mguu, nikauachia, nikaushika tena, maana jibu la kwanza siliamini. Tulipofika ulikuwa vuguvugu, na Eriki alikuwa analia kama mtu aliyeibiwa. Sijasikia kelele tamu kama ile.

Mama alipona taratibu, na mpaka alipopata nguvu Papa ndiye aliyembeba Eriki kifuani. Wenzake walimwita mama sungura. Hakujali. Mteja akishusha bei mno, Papa alifungua kifungo kimoja cha koti, kichwa kidogo kikachungulia, bei ikapanda yenyewe.

Siku hizi nauza makoti Gitega, hapa hapa Kigali. Wateja huniapisha kama kweli yana joto, nami naapa, bila kuwaambia nimeyalinganisha na lipi. Eriki amejenga Gahanga, na Papa anaishi naye. Amekonda, baridi humfikia kabla ya mtu mwingine yeyote, na koti nililompelekea, zuri, bila faida, limetundikwa msumarini. Juzi mvua ilipoanza niliwakuta kibarazani, bega kwa bega kwenye benchi refu lenye nafasi tele. Papa alinilalamikia kwamba kijana huyu ana joto kupita kiasi, kama jiko la imbabura lililojaa makaa.

Lakini hakusogea.