Vidonge vya Mama na Maji ya Newala

Siku niliyonunua mashine ya kupimia presha pale Masasi mjini, ninakoendesha duka langu, nilijipima mara saba kabla ya adhuhuri. Nilimpima muuza dawa mwenyewe, nikampima na mteja aliyefuata dawa ya mafua. Kiherehere changu siku ile kilikuwa cha mtoto mwenye nguo mpya ya Idi. Mama yangu, mjane anayeishi Newala na kaka yangu, alikuwa na presha mwaka wa tatu na haishuki, na mimi nilishajiaminisha kwamba tiba yake imo mkobani mwangu.

Tena tulikuwa na haraka. Binti wa kaka alikuwa atolewe unyagoni mwezi unaofuata, na mama alishasema atacheza. Yeye ndiye bibi, ngoma ya kumpokea mjukuu ni yake. Kaka akasema hachezi mtu. "Akiruka tu, mishipa inapasuka," aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyeiona ikipasuka.

Kaka yangu ni mtu mwema, ila kwa nadharia hana mpinzani. Kwake yeye mshipa wa damu ni bomba, ukiziba unamimina ndimu. Kila asubuhi mama alikamuliwa ndimu tatu za kuyeyusha mafuta, na mchana akala ng'onda, samaki mkavu mwenye chumvi ya kutosha mtaa mzima. Presha huletwa na mawazo, akasema, basi habari mbaya zote zikapigwa marufuku. Mbuzi wa mama alikufa, wakamficha habari miezi miwili, eti kapelekwa kijiji cha Mkunya kwa dume. Mama alikuwa ameshaambiwa na wajukuu siku ileile, ila aliwaonea huruma waongo wake.

Nilifika saa nne asubuhi, nikamkuta anaingia na ndoo kichwani. Shikamoo, marahaba, papo hapo nikamfunga mkono. Namba ikaruka! Kaka akashika kichwa. Ndipo nikasoma karatasi ya maelekezo, ambayo ilinipasa niisome Masasi: mtu aketi, aegemee, mkono ulale juu ya meza, atulie dakika tano bila kuzungumza. Mama asizungumze dakika tano! Tulicheka mpaka tukaanza upya mara mbili. Alipotulia kweli, namba ilipungua kidogo tu, ile ya juu bado ilipita mia na themanini.

"Mbona kichwa hakiniumi?" akauliza.

"Haiumi, mama. Inakula mishipa kimyakimya, kama mchwa."

Jirani yetu akaingia, mwanamke mwembamba kama mimi, akasema presha ni ya wanene, apimwe kwa raha tu. Ya kwake ikatoka juu vilevile. Raha ikamwisha. Uani pakachangamka, kila mtu anakunja mkono wa nguo, nami nikapaa. Niliwahubiria chumvi, nikawahubiria tumbaku na kutembea, nikawaambia dawa humezwa kila siku hata ukijisikia mzima. Lo, nilijipenda siku ile!

Ili nimalizie mahubiri yangu vizuri, nikaomba mkoba wa dawa za mama. Ulikuwa umejaa. Kila mwezi alikwenda kliniki, akapokea vidonge, akavirudisha nyumbani, akaviweka. Hasira zikanipanda mbele za watu.

"Mama, unataka kufa?"

"Vinakausha mishipa," akasema, macho chini.

Nikafoka. Mama yangu mzazi, nikamfokea kama mtoto aliyemwaga uji. Alisubiri watu watoke, akaniita chumbani, akafunga mlango.

"Kile kidonge kinanipeleka chooni kila mara," akasema kwa sauti ya chini. "Nikienda nachamba, nikitoka natawadha, swala hainisubiri. Maji ya hapa unayajua, mwanangu. Kiangazi hiki kaka yako ananunua, watoto wanataka kuoga. Mimi nimalize ndoo mbili kwa kwenda chooni?"

Nilikaa kitandani. Miaka mitatu!

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Daktari ni kijana, sawa na mjukuu wangu. Kaka yako mwanamume."

"Na mimi?"

Akanitazama bila ubaya wowote. "Wewe kila ukija, unakuja na majibu."

Kesho yake nilikwenda naye kliniki, nikayasema yeye akiangalia ukuta. Yule kijana akaweka kalamu chini. Akasema kumbe kulikuwa na haja ya kuuliza tu, dawa za presha ziko za aina nyingi, na zipo zisizompeleka mtu chooni hivyo. Akambadilishia. Kuhusu ndimu akasema ni tunda, ale, ila haisafishi mshipa wa mtu. Na ngoma? Presha ikishuka acheze, kumkalisha kitako kutwa ndiko kunakomdhuru. Kaka, aliyetufuata nyuma, alikuwa mlangoni, akasikia kila neno.

Nikawaachia mashine, nikarudi Masasi, na kila Ijumaa simu ikawa inalia. Mia na sabini. Mia na hamsini na tano. Ijumaa ya nne kaka akasoma mia na thelathini na nane, akarudia kama haamini, nikapiga yowe dukani kwangu hadi wateja wakadhani nimeshinda bahati nasibu.

Siku ya ngoma mama alijifunga kanga mbili kiunoni, akaingia uwanjani kabla ngoma haijakolea. Alicheza! Mabega, kiuno, visigino, vyote vikaitikia. Mimi mwenye umri mdogo kuliko wake nilihema baada ya mizunguko miwili, nikatoka nje nikipiga vigelegele, na katikati ya vigelegele nikajikuta nalia. Vidonge tulikuwa navyo miaka yote mitatu, hatua chache kutoka kitanda chake. Kama mshipa mmoja ungepasuka, ningekuwa nimekaa mkekani kwenye ua huohuo, napokea pole, na kila aliyeingia ningemwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa.