Gauni Nililolifua

Naikumbuka Jumapili moja pale Kitale, mwanangu, na hata leo ikinijia huwa nainamisha macho. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu walipochomewa nyumba na kufukuzwa mashambani, wakaja kulala katika uwanja wa kanisa letu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mwepesi wa kila jambo.

Tulikuwa wanawake saba wa kikundi cha maigizo. Kiongozi wetu, Mwalimu Rispa, alitaka tuwachezee wageni wale mchezo usio na neno hata moja, maana pale uwanjani lugha zilikuwa nyingi na kila moja iliiogopa nyingine. Tungesema kwa miili na kwa nguo: nguo za waliokimbia zianikwe kwenye kamba jukwaani, nasi tupite chini yake tukiziangusha moja moja.

Kutafuta nguo kulikuwa kazi yangu. "Enda uombe watu," Mwalimu aliniambia. Sikuomba. Niliingia stoo walikoweka mizigo yao, nikafungua gunia moja, nikatoa gauni dogo la manjano. Lilikuwa chafu. Nikalifua kwa sabuni, nikalipiga pasi, nikajisifu.

Siku ya mchezo, nilipoliangusha gauni lile na kulikanyaga, mama mmoja alisimama. Alikuwa Mama Naliaka, mama mpole ambaye binti yake alikufa kwa homa hapo hapo uwanjani. Alipanda jukwaani, akaliokota, akajifunika nalo usoni, akavuta pumzi. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo!

"Ni nani amefua hii nguo?" aliuliza.

Nikasema ni mimi.

"Ilikuwa na harufu yake," alisema. "Hiyo tu ndiyo nilikuwa nimebaki nayo."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mwalimu alinivuta nyuma ya jukwaa. "Si nilikuambia uombe?"

"Mwalimu, ilikuwa nguo tu."

"Kwako," alisema. Kisha akakaa chini, akalia, mtu mzima yule, mbele yangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Mimi siku ile niliubeba nikicheza.

Mama Naliaka alihamia kwa ndugu yake huko Naitiri. Nilimfuata. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini usikuje tena." Sikurudi, na nilisikia kifo chake kwa watu.

Basi wewe unayetaka kuwaonyesha watu machozi ya wenzao, nisikie. Kazi hiyo ni njema, ifanye. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kwanza nenda ukae naye, umuulize. Akikupa, pokea kwa mikono miwili. Akikunyima, rudi mikono mitupu, wala usinung'unike. Jukwaa halitakufa kwa hilo.

Mungu akupe mikono mipole na masikio yasiyo na haraka. Na siku utakayomkosea mtu, maana utamkosea, akufikishe kwake kabla jambo halijaharibika.