Unguja Ndogo Hapabebwi Kitu Kichwani

Ninyi vijana wa ukoo huu, na wengine mtakaosoma haya, mlioko Puge, Tabora mjini na mliokwenda mbali, inueni vichwa kwanza. Mkishainua, nisikilizeni, maana sipendi kusema mara mbili.

Nakumbuka masika moja nilipokuwa binti, nguvu zimejaa mikononi. Mbuga yetu mnaijua. Kiangazi ni udongo mweusi uliopasuka, ng'ombe anaweza kuvunjikia mguu humo. Masika ni maji mpaka macho yanapoishia. Katikati kuna mwinuko ambao maji hayajawahi kuufunika, wenye mifuru, vichuguu na nyasi ndefu. Mvua zikikolea unabaki peke yake kama kisiwa, nasi tunauita Unguja Ndogo. Watu wa pwani wacheke wakitaka, hao ni watani zetu tangu zamani.

Jina hilo alilitoa baba yake bibi yangu. Alikuwa mpagazi, akabeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, akavushwa pamoja na mzigo wake hadi Unguja yenyewe. Aliporudi watu wakamzunguka. "Haya, tuambie, Unguja ikoje?" Mzee akafikiri, akasema, "Mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa na ufa kwenye kisigino cha kushoto."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Njia nzima, mwanangu, mzigo ulikuwa begani na macho chini asijikwae. Kule kisiwani alisikia watu wakisifu karafuu inavyonukia ikichanua, wakisifu na kima wekundu wa msituni. Akashusha mzigo, akatwishwa mwingine, akageuka. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Yeye aliishi, akatembea nchi nzima, akaona kisigino.

Basi akaweka sharti. Kila mwaka palizi ikiisha na mbuga ikijaa, nyumba yake yote, wakubwa kwa wadogo, itavuka maji kwenda kushinda pale mwinukoni, kutazama tu. Na siku hiyo hakuna anayebeba kitu kichwani. Michembe yetu, vile viazi vikavu, tunaifunga na karanga kwenye khanga kiunoni. Wengine hudhani sisi Wanyamwezi tunajua kulima na kubeba tu. Kustarehe tulikujua kabla hoteli hazijajengwa, na kwetu ni sharti la mzee.

Masika ile niliyoitaja, mimi nilikuwa na sifa ya kazi, na sifa zangu nilizipenda. Wenzangu walikula matunda ya mifuru ndimi zikawa nyeusi, wakalala kwenye nyasi wakihesabu mawingu. Mimi nilivunja kuni. Jioni nikajitwika mzigo. Bibi alikuwa amesimama majini na fimbo yake.

"Shusha."

"Bibi, hizi kavu. Nyumbani tunapika kwa moshi tu."

"Nimesema shusha. Leo umeona nini?"

Nikatafuta la kusema, nikakuta nimeona kuni.

"Kumbe baba yangu amerudi," akasema. "Ninyi tangulieni. Huyu nabaki naye mpaka aone."

Dada zangu wakapita wakirusha maji. "Mama Kuni, utulindie kisiwa!"

Nilikaa nimenuna. Kufanya kazi si kosa, na mpaka leo nasema si kosa. Lakini macho hayana pazia. Nikaona mayungiyungi yale ya zambarau yamekwisha kujifunga, kila ua kama ngumi ya mtoto. Nikaona korongo wenye taji wakicheza wawili wawili, mmoja anainama, mwenzake anaruka, na ngoma hakuna. Nikaona lile ua jekundu lenye kingo za njano, linalopanda kwenye nyasi kama moto mdogo. Mara akaja kindege wa rangi ya matofali, vidole virefu kupita kiasi, akitembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama.

"Bibi, ndege yule ana miguu mingi."

"Tazama vizuri."

Nikatazama. Alikuwa amewakumbatia vifaranga chini ya mabawa, miguu yao inaning'inia nje.

"Huyo ni baba yao," bibi akasema. "Mama mtu keshakwenda zake. Sasa mwone shingo."

Shingo ilikuwa wima. Amebeba watoto wake wote na bado anatazama huku na huku, kama mwenye nchi.

"Haya, umeona," akasema bibi. "Mzigo haumkatazi mtu kuinua shingo. Twende nyumbani." Kuni zangu zikabaki palepale.

Sasa mwaka huu. Mjukuu wangu Mihayo amerudi kutoka Unguja, ile kubwa, alikokuwa mpishi hotelini. Amerudi na akiba kidogo na akili nyingi. Pande zote za mbuga watu wamekata majaruba ya mpunga, na mwinuko uliobaki ni wetu tu. Akamshawishi baba yake, mwanangu Shija, kwamba maji yakikauka walete trekta, wausawazishe, nao uwe majaruba. Shija akakubali. Wakanijia wote wawili, nami nachambua mlenda.

"Shikamoo, bibi. Tunasema, pale mwinukoni pamekaa bure tu."

"Marahaba. Hata mimi nimekaa. Mtanilima?"

Shija akaangua kicheko, kisha akakumbuka yuko upande gani, akanyamaza.

"Mihayo," nikasema, "umekaa Unguja siku nyingi. Ikoje?"

"Bibi, kazi ilikuwa nyingi."

"Kazi sikukuuliza. Watu wanatoka ng'ambo kuja kuwatazama kima wekundu. Umewaona?"

"Wageni walikuwa wakisimulia habari zao mezani."

"Na karafuu ikichanua?"

"Karafuu naijua kwenye pilau."

"Basi uliona nini?"

Akatazama mikono yake, ina makovu ya mafuta ya moto. "Sufuria, bibi."

Sikucheka. Huyu ni damu yetu kabisa, amekwenda Unguja akarudi na kisigino. Kesho yake nikamshika bega, tukavuka maji mimi na yeye. Sikumhubiria. Nilikaa chini ya mfuru nikala karanga zangu. Jua lilikuwa limepanda aliposema, "Bibi, yule ndege mbona ana miguu mingi?"

"Tazama vizuri," nikamwambia.

Nikamwambia turudi. Yeye ndiye aliyekataa kurudi mpaka jua lilipoinama. Njiani hakutaja trekta. Shija ndiye aliyeuliza mlangoni, "Na mpunga, mama?" Nikamjibu kwamba majaruba aliyonayo yanavuja kila ukingo. Ayazibe, atashiba.

Mwanangu unayesoma haya, sikukatazi kazi wala safari. Nenda, ubebe, utafute. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao, na usikubali kusimuliwa nchi yako na wageni mezani. Jua ndege wako, jua ua lako linachanua lini, tenga siku ya kuyatazama na uilinde kama unavyolinda ghala. Penye miti hapana wajenzi, walisema. Sisi tunayo miti, na tuwe na macho pia. Mungu awape mvua ya wakati wake, miguu isiyochoka na shingo zinazosimama chini ya mzigo wowote.

Nyumbani nimekwisha kusema, na aliyekuwepo alisikia: trekta lisivuke kwenda Unguja Ndogo. Mifuru isikatwe hata tawi. Palizi ikiisha, majembe yalale, twende sote, mtu asibebe kitu kichwani. Na Mihayo atangulie, asiwe na kisigino cha mtu mbele yake.